Sheria ya Maumbile na Lengo la Jumuiya ya Kisiasa: Baadhi ya Matatizo ya Istilahi

1. Utangulizi

Mfasiri aliyepewa kazi ya kuhamishia katika Kiswahili maandishi ya falsafa ya siasa hukutana mapema na wazo ambalo, kwa mtazamo wa kwanza, halina ugumu wo wote. Nalo ni kwamba sheria zinazotungwa na watu hazina budi zipatane na sheria iliyo juu zaidi, na kwamba zimewekwa ili ziwafae watu wanaoishi pamoja katika nchi. Maneno anayo tayari, hivyo anaandika: 'Sheria za nchi sharti zifuate sheria za asili kwa faida ya serikali.' Kila neno hapo ni Kiswahili fasaha, na sarufi haina kasoro. Hata hivyo sentensi nzima imepotoka. Karani wa mahakama ya mwanzo akiisoma atadhani kwamba Bunge limeagizwa kufuata mila za makabila. Mhasibu atadhani kwamba sheria hutungwa ili kuongeza mapato. Mwananchi wa kawaida naye ataelewa kwamba mwenye kufaidi ni serikali. Mwandishi wa asili hakukusudia hata moja kati ya hayo matatu.

Katika makala haya tunakusudia kufanya mambo mawili. Kwanza, tutaeleza kwa ufupi nadharia ambayo wanafalsafa wa Ulaya waliijenga juu ya sheria hiyo ya juu na juu ya lengo la watu kuishi pamoja chini ya utawala mmoja. Pili, tutayapima maneno ya Kiswahili yanayoweza kuibeba nadharia hiyo, na mwishoni tutatoa mapendekezo.

Yafaa ikumbukwe kwamba jambo hili si la wanafalsafa peke yao. Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania ya mwaka 1977 imekuwa na sehemu ya haki za msingi tangu marekebisho ya mwaka 1984, na ibara yake ya 8 inautaja ustawi wa wananchi kuwa lengo kuu la Serikali. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika ibara ya 19, inatamka kwamba haki za msingi ni za kila mtu, wala hazitolewi na dola. Mwaka 2021 Bunge la Tanzania lilibadilisha sheria inayohusu tafsiri ya sheria ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na ya utoaji haki. Tangu hapo kazi ya kufasiri sheria imekuwa kubwa kuliko ilivyopata kuwa. Nyuma ya ibara kama hizo ipo mijadala ya zaidi ya miaka elfu mbili, na mfasiri asiyeijua huweza kuyaharibu maana bila ya kukosea neno hata moja.

2. Nadharia yenyewe kwa ufupi

Aristotle wa Ugiriki (384–322 K.K.), katika kitabu chake cha maadili alichomwandikia au kilichohusishwa na Nicomachus, alitenga haki ya namna mbili: ile iliyo ya haki kwa maumbile, na ile iliyokuwa ya haki kwa sababu tu watu wamepatana. Aliwajua watu waliokataa mgawanyo huo. Wao walisema kwamba moto huunguza vile vile Ugiriki na Uajemi, lakini mambo yaitwayo ya haki hubadilika kutoka mji hadi mji. Kwa hiyo haki yote ni mapatano matupu. Aristotle alijibu kwamba kubadilika kwa mambo ya wanadamu hakuthibitishi kwamba hakuna kilicho cha haki kwa maumbile.

Cicero wa Roma (106–43 K.K.) alilipeleka wazo hilo katika Kilatini, akafundisha kwamba sheria ya kweli ni akili iliyonyooka, ambayo ni moja kwa mataifa yote. Lakini mtu aliyeipanga nadharia hii kwa utaratibu uliodumu ni Thomas Aquinas, mtawa na mwanateolojia aliyezaliwa Italia yapata mwaka 1225 na kufa mwaka 1274. Katika Summa Theologiae, kuanzia swali la 90 la sehemu ya kwanza ya kitabu cha pili, anaichambua sheria katika mambo manne ambayo pakikosekana moja sheria haijakamilika: kwamba ni agizo la akili, kwamba lengo lake ni mema ya watu wote kwa pamoja, kwamba huwekwa na yule mwenye jukumu la kuiangalia jumuiya, na kwamba sharti itangazwe.

Yeye huzitaja sheria za aina nne: ya milele, ya maumbile, ya kibinadamu, na ya Mungu iliyofunuliwa. Sheria ya maumbile, kwa maelezo yake, ni namna kiumbe mwenye akili anavyoshiriki katika sheria ya milele. Agizo lake la kwanza ni kwamba mema yatendwe na kutafutwa, na mabaya yaepukwe. Kutokana na hilo, mtu huyatambua mema mengine kwa kufuata mielekeo aliyo nayo: kuhifadhi uhai, kuzaa na kulea watoto, kuijua kweli, na kuishi pamoja na wenzake.

Huo ndio mfupa wa nadharia. Sasa tuyaangalie maneno.

3. Sheria, kanuni, haki

Kilatini kina lex na kina ius, na tofauti yao ni kubwa. Lex ni sheria iliyowekwa. Ius ni lile lililo la haki, yaani stahili ya mtu mbele ya mwenziwe; baadaye neno hilo likachukua pia maana ya uwezo au dai alilo nalo mtu. Wataalamu hawajapatana kuhusu wakati wa mabadiliko hayo. Michel Villey wa Ufaransa aliyaweka katika karne ya 14, kwa William wa Ockham. Brian Tierney, katika kitabu alichokitoa mwaka 1997, alionyesha kwamba wanasheria wa Kanisa walikwisha kulitumia neno hilo kwa maana ya dai la mtu tangu karne ya 12.

Kwa lex hatuna shida: neno ni sheria. Kwa ius, Kiswahili kina bahati ambayo lugha nyingi hazina, kwa kuwa haki hubeba maana zote mbili za Kilatini. Tunasema 'hukumu hii ni ya haki', na tunasema 'hiyo ni haki yangu'. Lakini bahati hiyo ni mtego pia. Pale mwandishi anapozungumzia fadhila aliyo nayo mtu mwenye kumpa kila mmoja stahili yake, neno haki peke yake halitoshi, kwani mtu haitwi 'mwenye haki' bila ya kuzua swali: ni mwadilifu, au ni mwenye dai? Hapo twapendelea uadilifu.

Neno kanuni limetufikia kwa njia ya Kiarabu, nacho kilikwisha kulipata kutoka Kiyunani. Katika ofisi zetu neno hilo lina kazi mbili tayari: ni amri ndogo zinazotungwa na Waziri chini ya Sheria ya Bunge, na ni misingi ya elimu fulani, kama vile kanuni za Newton. Twaonelea kwamba katika taaluma ya maumbile ya vitu kazi hiyo ya pili ibaki hapo hapo. Jiwe likiachwa huanguka, nalo halina hiari ya kukataa. Kwa hiyo linalolihusu ni kanuni. Mtu huweza kujua lililo jema akaliacha. Linalomhusu yeye linavunjika, na lenye kuvunjika kwa hiari huitwa sheria. Mfasiri akilishika pambanuo hilo, atakuwa amekwisha kumkinga msomaji na kosa la kudhani kwamba nadharia hii inazungumzia mvutano wa dunia au mwenendo wa wanyama wa porini.

4. Asili au maumbile?

Hapa ndipo penye mzozo mkubwa. Wengi huandika sheria ya asili, na sababu yao inaeleweka: neno ni fupi na limezoeleka. Sisi tuna pingamizi mbili.

Ya kwanza ni ya matumizi. Asili katika Kiswahili huelekea nyuma, penye shina na chimbuko: asili ya mtu ni kwao, dawa za asili ni za wahenga, ngoma ya asili ni ya kabila. Msomaji wa Tanzania au Kenya akikutana na 'sheria za asili' hukumbuka mara moja sheria za mila, ambazo mahakama zetu huzitambua kwa mipaka fulani. Basi fundisho la kwamba sheria isiyo ya haki haina nguvu kamili hugeuka kuwa fundisho la kwamba mila ina nguvu kuliko Bunge. Kosa hili si dogo, maana Aquinas angeipima mila kwa kipimo kile kile anachoipimia sheria ya mfalme.

Ya pili ni ya maana. Kwa Aristotle, maumbile ya kitu si mahali kilipoanzia, bali ni kile kinachokuwa kinapokomaa. Maumbile ya kokwa la embe yanaonekana katika mwembe uliokwisha kuzaa. Neno linaloelekea mzizini haliwezi kubeba wazo linaloelekea kwenye matunda.

Wako waliopendekeza tabia. Mfasiri anayetoka katika Kiarabu atavutwa na neno hilo, kwa kuwa huko ndilo lenye maana hasa inayotafutwa. Lakini Kiswahili kimelichukua likawa mwenendo wa mtu mmoja mmoja, mzuri au mbaya, na 'sheria ya tabia' ingesomeka kama mwongozo wa nidhamu shuleni.

Maumbile latoka katika -umba, yaani kukipa kitu sura yake. Linadokeza umbo ambalo kitu kimekusudiwa kiwe nalo, na hivyo linakaribia zaidi. Kasoro yake twaikiri: watu hulitumia kujitetea, kama mtu asemavyo 'ndivyo nilivyoumbwa' ili asilaumiwe kwa ukali wake. Nadharia tunayoieleza husema kinyume cha hayo, kwamba aliyeumbwa na akili hana udhuru huo. Kwa sababu hiyo twashauri kwamba neno sheria ya maumbile linapotajwa kwa mara ya kwanza katika kitabu au somo liongezewe maelezo mafupi, kwa mfano 'yaani ile inayotambuliwa na akili ya kila mtu'.

Watumishi wa Serikali watakumbuka pia istilahi nyingine inayofanana na hii. Mtumishi anaposhtakiwa kwa kosa la nidhamu, hana budi asikilizwe, wala mshtaki wake asiwe ndiye hakimu. Misingi hiyo miwili wanasheria wetu huiita haki ya asili au haki asilia. Istilahi hiyo imekwisha kushika mizizi, nayo ni ya utaratibu wa mashauri, tusiiguse. Ni sababu nyingine ya kutumia maumbile kwa nadharia yenyewe, ili mambo mawili yasichanganyike.

5. Jumuiya ya kisiasa, dola, serikali

Aristotle anaanza Siasa yake na nyumba, kisha kijiji, kisha polis. Anafundisha kwamba polis ilitokea ili watu wapate kuishi, lakini yaendelea kuwapo ili waishi vema. Katika kitabu cha tatu anaongeza kwamba polis si mapatano ya kutodhuriana na kufanya biashara tu. Waetruski na watu wa Karthago walikuwa na mikataba ya biashara, asema, lakini hawakuwa kwa hiyo watu wa mji mmoja. Sisi tunaweza kulielewa jambo hilo kwa mfano wa karibu: nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zilianza umoja wa forodha mwaka 2005, wala hakuna aliyesema kwamba siku hiyo zilikuwa nchi moja.

Polis tuiiteje? Mji ni sahihi kwa historia ya Ugiriki, lakini kwa nadharia ni finyu. Dola, neno la Kiarabu, lina harufu ya nguvu na utawala: vyombo vya dola ni polisi, jeshi na magereza. Serikali, neno lenye asili ya Kiajemi, ni wale wanaosimamia shughuli. Kosa linalotendeka mara nyingi ni kutumia mojawapo ya haya mawili kwa jumuiya nzima, na matokeo yake twayaona hata katika usemi wa kila siku, ambapo shule, barabara na kisima cha kijiji huitwa 'mali ya serikali', na mtu huviangalia vikiharibika kama vya jirani asiyempenda. Warumi waliita mambo hayo res publica, na Cicero aliyaeleza kuwa ni shughuli ya watu wenyewe. Neno letu jamhuri, lililotoka katika neno la Kiarabu lenye maana ya umati wa watu, linalo wazo hilo hilo ndani yake, ingawa tumelizoea kama jina la aina ya utawala.

Twapendekeza jumuiya ya kisiasa. Jamii ni watu wo wote wanaohusiana. Jumuiya ina wanachama, taratibu na shughuli ya pamoja. Kuhusu -a kisiasa, twajua kwamba siku hizi siasa hueleweka kama mashindano ya vyama. Lakini katika Kiswahili cha zamani kufanya jambo kwa siasa kulikuwa kulifanya kwa utaratibu, upole na uangalifu, na walimu watafanya vema wakiirudisha maana hiyo darasani.

Aristotle alisema pia kwamba mtu kwa maumbile yake ni mnyama wa polis. Wafasiri hupenda kutumia hapo methali yetu ya 'mtu ni watu'. Methali hiyo inakaribia, ila haifiki. Inasema kwamba mtu huhitaji wenziwe. Nyuki nao huhitajiana. Aristotle anaongeza kwamba mtu peke yake ana usemi, na kwa usemi huo huweza kujadiliana na wenziwe lipi ni la haki na lipi si la haki. Methali itumike kama mlango wa kuingilia somo, isitumike kama tafsiri.

Karne ya 17 ilileta mtazamo mwingine. Hobbes, mwaka 1651, aliliona lengo la utawala kuwa hasa ni usalama. Locke, mwaka 1689, alisema ni kulinda alichokiita milki ya mtu. Wengi hutafsiri neno hilo kwa mali, na msomaji hubaki akidhani kwamba kwa Locke nchi ipo kwa ajili ya matajiri. Locke mwenyewe ameeleza kwamba anajumlisha humo uhai na uhuru. Ni wajibu wa mfasiri kuonyesha hilo.

6. Mema ya pamoja

Tunafikia istilahi iliyo ngumu kuliko zote, bonum commune. Yanayotumika sasa ni manufaa ya wote, maslahi ya umma na ustawi wa jamii. Kila moja limekwisha kuchukua upande katika mabishano ambayo mfasiri hakuitwa kuyaamua.

Mabishano yenyewe ni haya. John Finnis, katika kitabu chake cha mwaka 1980 kuhusu sheria ya maumbile na haki za maumbile, alitaja mema saba ya msingi: uhai, maarifa, mchezo, kuufurahia uzuri, urafiki, busara ya kutenda, na dini. Mema ya jumuiya ya kisiasa aliyaeleza kuwa ni jumla ya hali zinazowawezesha watu kuyafikia malengo yao ya busara wao wenyewe. Katika kitabu chake cha mwaka 1998 juu ya Aquinas aliendelea kusema kwamba mema yanayohusu dola hasa, yaani amani na haki, yana mipaka na ni chombo cha kuyafikia mema mengine. Wasomaji wengine wa Aristotle na Aquinas wanapinga. Kwao, kuishi pamoja kwa haki si ngazi ya kupandia tu. Ni sehemu ya kuishi vema kwenyewe. Tofauti hii ina matokeo. Kama jumuiya ni chombo, mipaka ya serikali ni mifupi, na haina kazi ya kumfanya mtu awe mwema. Kama ni sehemu ya kuishi vema, serikali ina neno katika malezi ya raia, na hatari ya kuingilia mambo ya nyumba yake huwa kubwa zaidi.

Sasa tazama maneno yetu. Manufaa ni kile kinachofaa kwa ajili ya kingine. Anayeandika manufaa ya wote ameshampa ushindi Finnis. Ustawi ni neno zuri, latumika kwa mmea ulioshika ardhi na kunawiri, nalo laegemea upande wa pili. Tena ustawi wa jamii limekuwa jina la huduma kwa wahitaji. Maslahi hutumika maofisini kwa mishahara na marupurupu, na kwa taifa hutumika linaposhindana na taifa jingine.

Twapendekeza mema ya pamoja. Neno mema halimaanishi matendo ya huruma tu; mtu husemwa kwamba anakula mema ya nchi. Aidha laingia bila ya taabu katika lile agizo la kwanza la Aquinas, na hivyo msomaji ataona kwamba mema ya swali la 94 na mema ya swali la 90 ni neno moja, kama lilivyo moja katika Kilatini. Twasema ya pamoja, hatusemi ya wote, kwa sababu ifuatayo. Sinia la pilau ni la wote, lakini kila anayeketi hupunguza fungu la mwenziwe. Amani ya mtaa haipungui kwa kuongezeka anayelala usingizi. Kila mmoja huipata nzima, na hakuna awezaye kuichukua fungu lake akaenda nayo. Mema ya aina hii ndiyo yanayozungumzwa.

7. Hitimisho, ubainishaji, na sheria isiyo ya haki

Aquinas anafundisha kwamba sheria ya kibinadamu hutoka katika sheria ya maumbile kwa njia mbili. Ya kwanza, conclusio, ni kama hitimisho litokavyo katika hoja: kwa kuwa mtu hapasi kudhuriwa, mtu asiuawe. Ya pili aliiita determinatio, nayo ni kama fundi aliye na wazo la nyumba kwa jumla, kisha akaamua nyumba hii iweje. Madereva wa nchi zetu wanaijua njia hiyo ya pili bila ya kuijua kwa jina. Anayetoka Tanzania huendesha kushoto. Akivuka daraja la Rusumo kuingia Rwanda huhamia kulia. Kwamba uhai wa wasafiri ulindwe si uamuzi wa nchi yo yote. Kwamba tupite kushoto au kulia ni uamuzi mtupu, lakini ukisha kutolewa humfunga kila mtu, kwa sababu bila ya huo lile la kwanza halitekelezeki.

Wengine wamefasiri determinatio kwa uamuzi. Neno hilo laacha wazi dhana ya kwamba mtawala huamua atakavyo. Ubainishaji lafaa zaidi, kwani hubainishwa kile ambacho kilikwisha kuwapo kwa jumla.

Na sheria isiyo ya haki je? Augustino, katika kazi yake juu ya Mji wa Mungu aliyoiandika kati ya mwaka 413 na 426, alizifananisha falme zisizo na haki na magenge makubwa ya wanyang'anyi. Aquinas alisema kwamba sheria isiyo ya haki inafanana na matumizi ya nguvu kuliko sheria. Mfasiri asikimbilie kuandika kwamba sheria hiyo ni batili. Batili ni neno la mahakama: latangazwa na jaji, na baada ya hapo sheria haipo. Aquinas anasema jambo jingine, kwamba sheria ya namna hiyo haiifungi dhamiri, ingawa huenda mtu akapaswa kuitii ili kuepusha fujo kubwa zaidi. Na hapa ni dhamiri, si dhamira: la pili limekwisha kuwa kusudi la mtu au wazo kuu la hadithi.

8. Pingamizi zilizopo

Tungekuwa hatukumtendea haki msomaji tukiieleza nadharia hii kana kwamba haina wapinzani. Bentham wa Uingereza aliziona haki za maumbile kuwa ni upuuzi. John Austin, mwaka 1832, alisisitiza kwamba kuwapo kwa sheria ni jambo moja, na uzuri au ubaya wake ni jambo jingine.

Pingamizi nzito zaidi ni ya historia. Aristotle huyo huyo alifundisha kwamba wako watu walio watumwa kwa maumbile. Mfasiri asiyapunguze makali ya maneno hayo. Huko Valladolid, Hispania, katika miaka ya 1550 na 1551, Sepúlveda alilitumia fundisho hilo kutetea vita dhidi ya wenyeji wa Amerika, naye Bartolomé de las Casas akampinga kwa kutumia desturi ile ile ya hoja za akili na maumbile ya mtu. Kwetu Tanganyika, amri ya Waingereza ya mwaka 1920 iliziruhusu mahakama kufuata sheria za wenyeji pale tu zisipokwenda kinyume cha haki na maadili. Mwaka 1938 Mahakama Kuu iliulizwa juu ya desturi iliyodaiwa kuwapo, ya kumlipisha baba kwa kosa la mwanawe. Jaji alijiuliza haki na maadili hayo ni ya nani, akajibu kwamba kipimo ni cha Waingereza. Huenda leo wengi wetu tungekubali kwamba baba asilipishwe. Lakini kipimo kilichosemwa kuwa cha watu wote kilikuwa mkononi mwa mmoja, na wale waliopimwa hawakuulizwa.

Hata hivyo, ni hoja ya aina hiyo hiyo iliyotumiwa na Martin Luther King mwaka 1963, alipoandika barua akiwa gerezani Birmingham, Marekani. Aliwataja Augustino na Aquinas ili kuonyesha kwamba sheria za ubaguzi wa rangi hazikustahili kutiiwa. Kipimo kilicho juu ya mwenye nguvu kinaweza kuibwa na mwenye nguvu. Pasipokuwa na kipimo, asiye na nguvu hana cha kushika. Ndiyo sababu twasisitiza kwamba istilahi zake ziwe wazi kwa kila mwananchi, ili atambue zinapotumiwa kwa haki na zinapotumiwa kwa hila.

9. Mapendekezo

Kwa muhtasari, twawaomba wafasiri, walimu na watumishi wa umma wazijaribu istilahi zifuatazo:

lex: sheria
ius: haki (jambo la haki, haki ya mtu)
iustitia, kama fadhila: uadilifu
lex naturalis: sheria ya maumbile
kanuni za elimu ya vitu: kanuni za maumbile
sheria za makabila: sheria za mila
utaratibu wa kusikilizwa: haki ya asili, kama inavyotumika sasa
polis, civitas, katika nadharia: jumuiya ya kisiasa
mamlaka na vyombo vyake: dola
wanaosimamia shughuli: serikali
bonum commune: mema ya pamoja
conclusio: hitimisho
determinatio: ubainishaji
conscientia: dhamiri

Hatudai kwamba orodha hii imekamilika. Istilahi haithibitiki kwa kuchapishwa. Huthibitika inapotumiwa na mwalimu mbele ya wanafunzi, na karani katika barua, ikaeleweka. Ile sentensi tuliyoanza nayo sasa twaweza kuiandika upya: 'Sheria za nchi sharti zipatane na sheria ya maumbile, kwa ajili ya mema ya pamoja ya jumuiya ya kisiasa.' Imekuwa ndefu kidogo. Lakini karani hatadhani tena kwamba ni habari ya mila, mhasibu hatatafuta mapato ndani yake, na mwananchi ataona kwamba anayezungumzwa ni yeye pamoja na jirani zake.